Chesisi ya gari la kujitengenezea: maswali ya mabomba na kuchomelea

Majibu haya ni kwa fremu ya mabomba ya gari dogo la viti viwili, lenye uzito wa kilo 500 hadi 700 hivi likikamilika. Ni gari la aina ya Lotus Seven ya 1957, ambayo hadi leo inaigwa kwenye magereji ya nyumbani kila pembe ya dunia, au bagi ya kuchezea porini. Kama unatengeneza lori au tela la kubeba mchanga, mengi ya hapa hayakuhusu.

Nianze kwa kununua mabomba au mashine ya kuchomelea?

Anza na mashine. Najua hamu inakupeleka dukani kununua vyuma kwanza, lakini unene wa bomba utakaoweza kuuchomelea vizuri unaamuliwa na mashine uliyo nayo na mkono wako. Mwenye MIG ndogo (mashine inayosukuma waya yenyewe kupitia bunduki) anaweza kushughulikia bomba la milimita 1.5 bila shida. Mwenye mashine ya rodi (ile ya vijiti vya kuchomelea) atalitoboa bomba hilo hilo, na kila tundu atakaloliziba litaacha chuma kilichochoka. Huyo anunue la milimita 2, abebe kilo kadhaa za ziada, apate weldi zilizoshika.

Fremu yangu ya kwanza niliijenga kinyume chake. Nilinunua mabomba membamba kwa sababu nilisoma kwamba gari jepesi ni zuri, kisha nikaazima mashine ya rodi iliyosukwa mtaani, yenye kiteuzi cha nafasi tatu tu: ndogo, kubwa na kubwa zaidi. Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi, braketi mbili za mbele zilikuwa na nyufa. Weldi yenyewe ilikuwa nzima. Kilichopasuka ni bomba, pembeni kabisa mwa weldi, pale moto ulipokuwa umelila hadi likabaki jembamba kama kopo.

Chuma cha kawaida kinatosha, au nitafute kromoli?

Cha kawaida kinatosha. Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni. Watu hupenda kubishana hapa, kwa hiyo tutenganishe mambo mawili.

Kuna nguvu, yaani mzigo kiasi gani kabla bomba halijapinda na kubaki limepinda. Kuna na ukakamavu, yaani bomba linanesa kiasi gani chini ya mzigo kabla ya kurudi lilivyokuwa. Kromoli aina ya 4130 ina nguvu zaidi: huanza kupinda moja kwa moja kwenye zaidi ya megapaskali 400 (kipimo cha mkazo), wakati chuma cha kawaida cha daraja la S235 kina 235, kama jina lake linavyosema. Lakini kwa ukakamavu vyote viwili ni sawa, karibu gigapaskali 200 hadi 210. Nondo, spana, kromoli na bomba la lango la nyumba yako vyote vinanesa sawa vikiwa na umbo moja.

Gari likiingia kona, usukani unahisi ukakamavu wa fremu. Ukinunua kromoli kisha ukapunguza unene wa bomba ili upunguze uzito, ambalo ndilo lengo la kuinunua, umepata fremu inayonesa zaidi. Na umeilipia.

Kromoli ina mahali pake: ndege ndogo, magari ya mashindano yanayohesabu kila gramu, karakana yenye fundi wa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsten na gesi, waya ukishikwa kwa mkono wa pili) aliyetulia.

Ukakamavu unatoka wapi, kama hautoki kwenye aina ya chuma?

Kwenye umbo na kwenye pembetatu.

Umbo kwanza. Chukua skwea paipu tatu. La milimita 25 kwa 25 lenye unene wa 1.5 lina uzito wa takriban kilo 1.1 kwa mita. Ukiongeza unene hadi milimita 3, uzito unapanda hadi kilo 2 na ushei, na ukakamavu wa kupinda unaongezeka kama mara 1.7. Sasa rudi kwenye unene wa 1.5 lakini chukua bomba la 30 kwa 30: uzito ni kilo 1.3 na kidogo, na ukakamavu unaongezeka kama mara 1.8. Bomba pana lenye ukuta mwembamba linalishinda bomba dogo nene, kwa theluthi moja pungufu ya uzito. Mianzi ililijua hili kabla yetu.

Pembetatu sasa. Umewahi kuona lango la zizi lililolegea, kona moja inaburuza chini? Halina mshazari. Mraba wa fito nne, hata uchomelewe vipi, ukiusukuma kona unalala. Ukiutia fito moja ya mshazari umesimama, maana sasa ili ulale lazima fito hiyo irefuke au ifupike, na chuma hakikubali hivyo kirahisi. Kila mraba wa fremu yako ulio wazi ni lango la zizi lisilo na mshazari.

Ugumu ni kwamba gari lina mashimo yasiyozibika: watu waingie, injini itoke. Mercedes 300 SL ya 1954 ina milango inayofunguka kwenda juu kama mbawa kwa sababu hiyo. Mabomba ya ubavuni yalipita juu sana, mlango wa kawaida usingepata nafasi. Wewe kwenye uwazi wa injini weka mshazari wa kufunga kwa bolti, unaoutoa siku ya kushusha injini.

Skwea au la mviringo?

Skwea kwa fremu, la mviringo kwa kizimba cha kukinga vichwa. Skwea unalikata kwa grainda, unaliweka kwenye meza, linakaa. La mviringo linataka kila ncha ichongwe kama mdomo wa samaki ili ikumbatie bomba jingine, na ukikosea kwa milimita mbili unabaki na pengo la kujaza kwa weldi. Kwa uzito ule ule la mviringo lina faida yake kwenye kunyongwa, lakini katika fremu yenye pembetatu za kutosha mabomba yanavutwa na kusukumwa tu, hayanyongwi sana.

Ukilazimika kuchonga, zungushia karatasi yenye mchoro wa mdomo, piga alama kwa chaki, kata, kisha maliza kwa tupa nusu duara. Usimalize kwa weldi.

Unene gani hasa ninunue?

Kwa gari la uzito nilioutaja: skwea la 25 lenye unene wa 1.5 au 1.6 kwa fremu kubwa ukiwa na MIG, au la 2.0 ukiwa na rodi. Geji 16 ya Kiingereza ni milimita 1.6, geji 14 ni 2.0, geji 18 ni 1.2. Braketi za kusimamia mikono ya matairi (fito zinazounganisha tairi na fremu) zitoke kwenye bamba la milimita 3.

Ila kinachoandikwa kwenye risiti na kilichomo kwenye bomba ni vitu viwili. Niliwahi kununua mabomba kumi ya "moja nukta tano" kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, nikayaona mepesi begani. Nikayapeleka kwa jirani anayenunua mahindi, tukayaning'iniza kwenye mizani yake ya magunia. Bomba la mita 6 la 25 kwa 1.5 linatakiwa liwe na kilo 6.4 hivi. Yangu yalikuwa na 5.2, ambayo ni hesabu ya unene wa 1.2. Tangu siku ile naenda dukani na kalipa, kifaa cha kupimia unene, mfukoni. Pima ukuta kwenye ncha, lakini kwanza futa ukingo kwa tupa, maana msumeno huacha mdomo uliovimba unaodanganya kipimo.

Mabomba ya maji yaliyobaki nyumbani je?

Hapana, kwa sababu mbili. Bomba la maji linauzwa kwa jina la tundu lake: linaloitwa la inchi moja lina upana wa nje wa zaidi ya milimita 33, na ukuta mnene uliokusudiwa kukatwa hesi. Ni mzigo usio na faida.

Ya pili ni zinki. Mng'ao ule wa kijivu ni zinki, inayochemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Kabla chuma hakijalainika zinki imeshageuka moshi mweupe. Sehemu ya moshi huo inaingia kwenye weldi na kuiachia vitundu kama mkate, na sehemu nyingine inaingia kifuani mwako. Usiku unatetemeka kwa homa kama ya malaria, baada ya siku moja au mbili imepita. Mafundi wengi hunywa maziwa kwanza wakiamini yanakinga. Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwenye mapafu. Kama ni lazima uchomelee kipande chenye zinki, isage yote sentimita kadhaa kila upande, nje na ndani, fanyia mahali pa wazi na vaa barakoa ya mafusho.

Nondo kwa mishazari?

Usitumie. Nondo imesanifiwa ishikwe na zege. Kiasi chake cha kaboni hakitabiriki, na ikisukumwa kwa urefu inajikunja mapema kuliko bomba la uzito ule ule.

Bomba lenye mshono ndani ni baya?

Si baya kwa fremu. Pitisha kidole ndani utausikia mshono, kwa sababu bomba hilo ni ukanda wa bati nene uliokunjwa na kuunganishwa kwa umeme. Magari mengi ya kujitengenezea yametumia bomba hili hili.

Kizimba ni jambo jingine. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwenye Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka bomba lisilo na mshono lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya kuvutwa hadi kukatika isiyopungua megapaskali 350: milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0 kwa tao kuu (lile la nyuma ya viti), na 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0 kwa sehemu nyingine. Tena likunjwe baridi, kwa mashine, na nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya upana wa bomba. Ile mbinu yetu ya kujaza mchanga, kuziba ncha kwa mti na kupasha moto kwenye mkaa inatoa kona nzuri ya kiti cha bustani. Hata kama hutashindana popote, fuata vipimo hivyo, kwani kichwa ni kile kile. Na kama unalenga mashindano, iwe rali au Rhino Charge ya Kenya, shindano la magari ya porini, soma kanuni za shindano lenyewe kabla ya kukata bomba la kwanza.

Naweza kujenga kwa mashine ya rodi tu?

Unaweza, ukijua mipaka yake. Tumia rodi za E6013 za milimita 2.0, si zile 2.5 zinazouzwa kila kona, na uanze na ampea 45 hadi 55 kwa bomba la milimita 2. Ukiwa na inveta ya umeme mnyoofu (DC), weka rodi kwenye hasi, inatoboa kidogo. Tembea haraka, mshono mfupi mfupi. Gonga magamba yote kabla ya kurudia, maana gamba lililofunikwa ni tundu lililojificha.

Pwani kuna adui mwingine, unyevu. Rodi zilizokaa wazi Tanga au Mombasa zinanyonya maji ya hewani, zinarusha cheche hovyo na kuacha vitundu. Ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Zile za E7018 ndizo zinazodeka zaidi. Zikishalowa zinahitaji joko la nyuzi zaidi ya 300, na kwa fremu nyembamba huzihitaji.

Mashine iliyosukwa mtaani iachie milango na madirisha.

Na MIG? Nitumie waya na gesi gani?

Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu wa kwanza. Waya wa ER70S-6 wa milimita 0.6 au 0.8, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi ya asilimia 20 hadi 25, mtiririko wa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Kaboni dayoksaidi tupu inafanya kazi pia na ni rahisi kuipata, ila inarusha cheche nyingi na mshono unakuwa mkavu wa sura. Ukifanya chini ya mwembe, upepo utaipeperusha gesi yako na weldi itakuwa sponji. Weka turubai.

Tatizo la MIG ni urahisi wake. Ukiweka moto mdogo kwa kuogopa kutoboa, waya unalala juu ya bomba kama dawa ya meno juu ya sahani, sura nzuri, mstari ulionyooka, na chini yake hakuna kilichoshikana. Rodi ikikosea unaiona. MIG ikikosea inakuchekea.

Waya usiotumia gesi?

Unafaa kwa kazi ya nje yenye upepo, lakini unataka nyaya za mashine zigeuzwe: bunduki kwenye hasi. Waya wa gesi unataka bunduki kwenye chanya. Watu wengi wanaoulaumu waya huu hawajawahi kufungua mlango wa mashine wakageuza.

TIG na gesi ya asetilini je?

TIG ndiyo safi kuliko zote na ndiyo ya polepole kuliko zote. Anza na ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Inataka chuma kilichosuguliwa hadi king'ae na mikono miwili yenye nidhamu. Ukiwa nayo, ifanyie braketi, kisha fremu iliyobaki imalize kwa MIG, hakuna aibu.

Asetilini na oksijeni ilijenga fremu za ndege kwa miongo mingi na bado inaweza. Inatawanya joto sehemu pana, kwa hiyo fremu inapinda zaidi. Kwa fundi mzee aliyeizoea, mwache aifanye.

Nitajuaje weldi yangu imeshika?

Iharibu. Chukua vipande viwili vya bomba lile lile utakalojengea, vichomelee umbo la T kwa mpangilio ule ule wa mashine, vibane kwenye jiliwa na upige kwa nyundo ya kilo mbili mpaka kitu kiachie. Bomba likikunjika au kuchanika na weldi ikabaki, vizuri. Weldi ikibanduka na kuacha alama safi ya bomba chini yake, kama lebo iliyobanduliwa kwenye chupa, hujachomelea, umebandika. Ongeza moto, rudia. Kisha kata T nyingine katikati kwa msumeno, ilainishe kwa tupa na msasa, utazame kama kuna mstari mweusi kati ya weldi na bomba.

Mimi nilivunja T kumi na tatu kabla ya kugusa fremu ya pili. Rudia jaribio kila ukibadilisha waya, unene au sehemu ya kuchukulia umeme. Waya mrefu na mwembamba wa kurefushia umeme unashusha volti, na moto uliopimwa jana siyo wa leo.

Mbona fremu inapinda wakati vipimo vilikuwa sawa?

Kwa sababu weldi ikipoa inasinyaa na kuvuta bomba upande wake. Dawa yake ni mpangilio. Shikiza fremu nzima kwanza kwa nukta ndogo, mabomba yote, ikiwa imefungwa kwenye meza iliyonyooka. Pima urefu wa mishazari, kona hadi kona: ikitofautiana zaidi ya milimita 2, kata nukta na urudie, sasa ni kazi ya dakika tano. Ndipo uchomelee, mshono mmoja mbele kushoto, unaofuata nyuma kulia, kisha juu, kisha chini, usirudi kwenye kona ambayo bado ina joto. Ukikaa kona moja ukamaliza pande zote nne kwa kuwa umepata mkao mzuri, umeshaipinda.

Nimwagie maji weldi ili ipoe haraka?

Usimwage. Kwenye chuma cha kawaida unaongeza kupinda, na kwenye kromoli au chuma chenye kaboni nyingi unaifanya sehemu ile iwe ngumu na dhaifu kama kigae. Nenda kanywe chai.

Nisage weldi ili fremu ipendeze?

Unasaga nguvu uliyoilipia. Saga pale tu ambapo bamba linatakiwa likae bapa.

Naweza kutoboa bomba na kupitisha bolti?

Ukikaza bolti kwenye bomba tupu, kuta zinaingia ndani, mkazo unapotea, na kesho nati imelegea. Toboa tundu kubwa, pitisha kijibomba kinene ambacho bolti inaingia humo bila kucheza, kichomelee pande zote mbili. Sasa unakaza chuma kwa chuma. Braketi ziwe mbili mbili, zikikumbatia mkono wa tairi pande zote, na zikae karibu na makutano ya mabomba, kamwe zisiwe katikati ya bomba lenye urefu wa nusu mita.

Nitapimaje ukakamavu bila maabara?

Funga nyuma ya fremu kwenye meza, kisha mbele funga boriti ngumu ya kukingama, iegemee katikati, na ncha moja itokeze mita moja kutoka kwenye egemeo. Ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 hapo. Huo ni mnyongo wa niutoni mita 490. Ncha ikishuka milimita 17.5, fremu imenyongeka digrii moja. Ikishuka milimita 4, una zaidi ya niutoni mita 2,100 kwa digrii. Baada ya hapo funga bomba la mshazari kwa klampu mahali unapopatilia shaka, pima tena, uone kama linastahili kuchomelewa.

Miwani ya jua inatosha kwa kushikiza nukta ndogo?

Haitoshi. Kioo namba 10 au 11, kila mara. Ukivaa ya jua, usiku macho yatakuwa kama yamejazwa mchanga, na ndiyo jibu.

Kwa nini mshono wa mwisho hutoboka kila mara, hata nikipunguza moto?

Hewa iliyomo ndani ya bomba imepata joto, inatanuka, na umebakiza tundu moja tu la kutokea: lile unaloliziba. Utaiona weldi ikipumua, inavimba kama uji unaochemka, kisha inapasuka. Toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba hilo, upande utakaotazama chini, mbali na kona. Maliza mshono, subiri ipoe kabisa, mimina mafuta kidogo ndani, geuza fremu huku na huku, kisha lizibe tundu kwa riveti.